Nilisema damu haiendani, baba akamfukuza mama

Admin, jina langu lifiche, na hospitali usiitaje. Ukiposti nitasoma maoni yote, hata ya matusi, maana mengine nayastahili.

Mimi ni mwanaume wa miaka 36, mzaliwa wa Kasongo, daktari. Sasa niko nje ya nchi, nasomea kutibu watu wanaopandikizwa figo. Nyumbani wananiita "munganga ya mafigo", yaani daktari wa figo, na wanaona hakuna kinachonishinda. Kaka yetu mkubwa figo zake zote mbili zimekufa. Tulimleta huku, anasafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, na nguo zake zinazidi kumpwaya.

Mimi ndiye niliyepimwa wa kwanza ili nimpe figo. Damu yangu kweli haikuendana na yake. Hakuna aliyetilia shaka kwamba mimi ni mtoto wa baba, maana nimefanana na baba mpaka mwendo. Baba akaita familia, akamtaja mdogo wetu wa kike aliyeolewa Wamaza. Akaja. Siku moja kabla ya vipimo akanivuta kando kwenye korido, akaniita yaya, kama kwetu tunavyomwita kaka mkubwa.

"Yaya, miye naogopa. Niko na watoto ine. Baba alisema tu, hakuna mutu aliniuliza. Nikikataa, watasema niliua kaka."

Huku tunafundishwa kwamba figo haitolewi kwa kulazimishwa. Nilimwapia mdogo wangu kwamba siri yake haitafika kwa familia, nikamwendea mwalimu wangu wa hapa hospitalini. Akaongea naye peke yake, kisha akaniambia: familia waambie hafai kutoa, basi. Usiongeze neno.

Nikaongeza. Baba alinibana kwenye simu, hafai kwa nini, ana ugonjwa gani, mwisho nikasema, "Damu yake haiendani na ya kaka." Ulikuwa uongo, hakuwa hata amepimwa, nikadhani nimemaliza. Jamani, ulimi huu!

Baba akasema, "Mwaka ile nilikuwa Salamabila, nachimba zahabu. Nilirudia nikakuta mama yako iko na mimba ya huyu mutoto. Nilinyamaza miaka yote. Sasa weye munganga umesema mwenyewe."

Nimemweleza mpaka sauti imenikauka kwamba watoto wa baba mmoja na mama mmoja wanaweza kutoendana damu, kwamba hata mimi sikuendana na kaka. Anasema namtetea mama. Nikamwambia kuna kipimo cha kuonyesha baba wa mtoto. "Na majibu ya ile utaiandika weye mwenyewe," akanijibu. Mama yangu, mwenye miaka zaidi ya sitini, akapakiwa kwenye pikipiki na mfuko mmoja, akarudishwa kwa kaka zake Kabambare. Barabara ile hata vijana inawavunja mgongo.

Alinipigia simu kutoka huko. Hakulia wala hakulalamika. "Mutoto wangu, muko na mashini za kuona ndani ya damu. Angalia tena muzuri, umuambie baba yako kama miye sikufanya." Hajafikiria hata kidogo kwamba mwongo ni mimi. Nilipokata simu nilijifungia chooni nikalia kama mtoto.

Nikisema ukweli, huenda mama akarudi nyumbani kwake, lakini mdogo wangu atakuwa yule aliyemnyima kaka yake figo, na kwetu jina hilo atazikwa nalo. Nikinyamaza, mama anazeeka na aibu ambayo si yake.

Juzi mdogo wangu akanitumia ujumbe wa sauti kutoka Wamaza, alikorudi. "Yaya, nitarudia huko. Watoe tu hiyo figo. Baba akiona imekubali, atajua niko mutoto wake, na mama atarudia kwake." Nimeusikiliza mara nyingi mno. Hakuna mahali aliposema kwamba haogopi tena.

Nikimkubalia, na damu ikiendana, kaka anapona, mama anarudi, na mimi naonekana daktari aliyekosea kipimo tu. Wote tunapona isipokuwa yeye, aliyeniamini. Nikimkataza, kaka yuko pale kwenye mashine, kila asubuhi ananiuliza kama kuna mtu amepatikana.

Ndugu zangu, nishaurini, masomo yangu yote yameishia hapa. Nimjibu nini mdogo wangu? Ameshafunga mfuko, anasubiri tu nimwambie njoo.