Samli Shingoni

Mpaka leo nikisikia harufu ya samli iliyochacha, naziba pua na kuondoka.

Mimi nina ualbino. Mwaka jana nilikuwa nafanya kazi kwa baba mdogo, kwenye mwalo wa kuoshea dhahabu nje ya Kahama. Kazi yangu ilikuwa kujaza mchanga uliosagwa kwenye viroba, juani. Kila asubuhi nilijipaka losheni ya kuzuia jua niliyopewa kliniki: usoni, masikioni, shingoni.

Baba mdogo ndiye aliyekamua zebaki, ile sumu ya majimaji inayonasa dhahabu. Aliikoroga na mchanga kwenye beseni kwa mkono mtupu, akaiminya ndani ya kitambaa mpaka kikabaki kidonge cheupe kama fedha. Halafu alijifuta kwenye suruali na kumega ugali. Tulikula sahani moja. Nilitazama kucha zake, nikaendelea kula.

Siku moja alikuja na simu mkononi.

"Mwanangu, wanasema hiyo losheni ina kemikali. Inapenya ngozi, inaingia kwenye damu."

Mwenzake wa mwaloni akacheka. "Na hiyo unayokoroga ni mtindi?"

"Hii nimeizoea."

Akachukua losheni yangu, akaiminya yote kwenye kopo la samli, akakoroga kwa kidole kilekile. Kwetu aliyekunywa sumu hunyweshwa maziwa. Kwa hiyo, alisema, samli itaipunguzia nguvu. Alinipenda, najua. Niliona aibu kumkatalia, nikajipaka.

Inzi walinifuata kutwa nzima. "Nkoi, rafiki yangu, leo unanukia pilau la harusi!" mwenzake alinitania. Siku ya nne shingo ilitoka malengelenge. Yalipopasuka, kola ya shati iligandana na nyama, na usaha ulichanganyika na samli. Nilijichukia mwenyewe.

"Shikamoo," nilimwambia nesi wa kliniki.

"Marahaba. Nani kakukaanga hivi?"

Nilimweleza kwa sauti ya chini. Hakunicheka. Alisema ni kweli baadhi ya kemikali hizo huonekana kwenye damu, na wataalamu bado wanazichunguza, ila hawajaona kwamba zinadhuru watu. Jua ndilo linalojulikana: kwa ngozi kama yangu huleta saratani. Ukiichanganya losheni na mafuta, haikingi tena. Akanipa nyingine, yenye zinki, ambayo alisema hubaki juu ya ngozi, na akanisisitiza nivae kofia na mikono mirefu.

Niliporudi, baba mdogo alikuwa kwenye beseni.

"Lete nione hiyo nayo." Akanyoosha mkono. Vitone vya zebaki viling'aa kwenye mistari ya kiganja.

Nikaificha tyubu nyuma ya mgongo.

"Nawa kwanza, baba."

"Nini?"

"Nawa. Kwa sabuni."

Mwenzake aliacha kuchota maji. Baba mdogo aliutazama mkono wake, akacheka kidogo, akaendelea kukoroga. Ugali ulipoletwa mchana, nilijikatia wangu, nikaenda kula pembeni kwenye kifuniko cha sufuria.