Majimbo Saba ya Sheffield na Zamu ya Maji ya Mama

Iko siku moja, mwanangu, kila nikiikumbuka naanza kwa kucheka, halafu kicheko kinaishia njiani.

Enzi za Waingereza, vita vimekwisha juzijuzi, nilikuwa mpishi wa mzungu msimamizi wa ujenzi wa barabara pale Same. Shule nilifika darasa la tatu, na lenyewe sikulimaliza. Mzungu yule aliishi peke yake, hana mke wala wa kuongea naye. Mama yake akamtumia gazeti la kwao, mji unaitwa Sheffield, lina matokeo ya uchaguzi mkuu. Bwana akakosa wa kumsomea, akanisomea mimi, nimeshika sufuria. Mji ule ulikuwa na majimbo saba. Matano yalichukuliwa na chama cha wafanyakazi, mawili na wapinzani wao. Nikayakariri yote: Hallam, Brightside, Attercliffe, mpaka la mwisho. Mwezi mzima sikupanda nyumbani mlimani, eti mimi sasa mtu wa siasa.

Jumamosi moja nikapanda Vudee na viatu vyangu vyeupe. Nikakuta baragumu la msaragambo, kazi yetu ya pamoja, limeshalia, kila nyumba imetoa mtu, wanazoa tope kwenye ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia. Mimi badala ya kushika jembe nikasimama ukingoni, nikaanza kuhubiri Sheffield.

Mzee Mchome, msimamizi wa maji, akaegemea jembe lake.

"Hebu yataje, mpishi."

Nikayataja kwa vidole, na nani kashinda wapi. Watu wakacheka, mmoja akasema nigombee.

"Umesoma," akasema mzee. "Na zamu ya maji ya mama yako ni siku gani?"

"Jumanne, mzee."

"Ilikuwa. Tumegawa upya wiki mbili zilizopita. Kila nyumba ilileta mtu wa kuisemea. Mama yako alikuwa kitandani na homa, na kwenu hakuja mtu. Amepangwa wa mwisho. Maji yakimfikia, ni ya kulowesha kidole."

Nikavua viatu, nikaingia kwenye tope, nikazoa mpaka jua likazama.

Nyumbani maharage ya mama yalikuwa yamekauka. Hakunigombeza. Alisikiliza habari zangu za Sheffield, kisha akauliza, "Huyo bwana wako, mama yake yuko na nani?"

"Peke yake."

"Mwambie aende akamwone."

Niliacha upishi mwezi huohuo. Ugawaji uliofuata nilimsemea mama, Jumanne yake ikarudi. Maharage ya mwaka ule hayakurudi, na nguvu za mama nazo hazikurudi sawasawa.

Siku hizi ndimi ninayekaa peke yangu hapa Vudee. Mnanipigia simu, mnanieleza uchaguzi wa nchi ambazo sijui ziko wapi, nami naitikia, maana napenda kusikia sauti. Jumanne nafungulia maji mwenyewe, polepole, magoti yanalalamika kuliko wapinzani.

Mwanangu, jua ya dunia, sikukatazi. Lakini jua kwanza zamu ya kwenu ni lini, na nani anaisemea. Wakigawa, uwepo. Kama huwezi kuwepo, tuma mtu.

Mungu akujalie maji yanayofika mpaka mwisho wa shamba, na mtu wa kukuuliza umeamkaje. Na ukipanda, njoo na viatu vya tope.