Kidevu cha Mama, Mikono ya Mwalimu

Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba Gatongora. Wiki moja nilichimba mawe Juja, nyingine nikapakua magunia Thika, na kila Jumamosi alasiri niliimba besi katika kanisa la mabati lililokuwa karibu na chumba changu.

Mwalimu wetu wa kwaya alitoka magharibi mwa nchi, akazeekea katika kiwanda cha nguo. Mashine zilikuwa zimemla masikio. Alituandikia solfa ubaoni, do re mi ya kila sauti, na kidogo kidogo tukatambua kwamba hasikii tunachomwimbia. Wazee wa kanisa walitaka kumpumzisha. Wakamwachia Jumapili moja: ikienda vizuri, abaki.

Alichagua wimbo uliokuwa kwenye kitabu chetu cha nyimbo miaka yote. Niliacha shule mapema, lakini kitu kikiniwasha lazima nikifuate mpaka kwao. Nikasoma kwenye simu, nimejilaza, ukungu wa Julai umefuta mibuni yote nje ya dirisha. Kumbe wimbo ule ni mkia tu wa muziki mrefu sana, uliotungwa na kiziwi huko Austria, zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Siku ya kwanza kupigwa, kwaya ilikaa kimya muda mrefu, vyombo vikizungumza peke yao. Mpaka leo nikipita kando ya kiwanda kinachonguruma, huwaona waimbaji wale wamekaa humo ndani wakingoja zamu yao. Mtunzi alisimama mbele akipunga mikono, lakini wapigaji walikuwa wameambiwa wamfuate mtu mwingine. Muziki ulipokwisha, bado alikuwa amewapa watu mgongo. Mwimbaji mmoja ndiye aliyemgeuza ayaone makofi.

Niliwasimulia wenzangu kabla mwalimu hajafika mazoezini.

"Haiya! Hiyo umechimba wapi, kwa mawe ya Juja?" soprano mmoja akanicheka.

Mke wa mwalimu, tuliyemwita mama, aliyeimba alto mstari wa mbele, hakucheka. "Basi mniangalie mimi," alisema. "Kidevu kikishuka, muingie. Na mzee wangu asijue."

Jumapili ikafika. Kinanda kikaanza, mwalimu akainua mikono, sisi macho yote kwa kidevu cha mama. Kikashuka. Tukaingia sauti nne pamoja, mabati yakatetemeka, na nikahisi kama tulikuwa tumekaa kimya tangu siku ile ya Austria.

Makofi yalipoanza, mwalimu hakugeuka. Mama akatoka mstarini, akamshika bega, akamgeuza taratibu. Mzee mkuu wa kanisa alikuja mbele, akachukua chaki ubaoni, akaiweka mkononi mwa mwalimu na kuvifunga vidole vyake juu yake.

Baadaye, tukiurudisha ubao stoo, mwalimu aliniuliza kwa ile sauti yake kubwa, "Mlikuwa mnamwangalia mama, eh?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Hata mimi," akasema. "Siku nyingi."