Kompyuta Zilizooshwa

Nilipofungua mlango wa stoo ile ya Malindi nilinusa sabuni, na moyo ukanilipuka paa. Kompyuta kuukuu zilikuwa zimepangwa mkekani, zinameremeta kwa mafuta ya nazi.

"Nimeziosha zote hizi, mwanangu," alisema mwenye nyumba. Alikuwa mjane wa mfanyabiashara aliyenifundisha, nikiwa msichana, kufungua kompyuta bila kuivunja. "Sadaka ya marehemu haitoki na vumbi."

Alikuwa anazitoa kwa chuo kimoja cha Kilifi ili wanafunzi waone mashine za zamani. Mhasibu wake alimweleza kwamba thamani ya sadaka hiyo ingempunguzia kodi ya duka, na bila nafuu hiyo duka lisingemaliza mwaka. Kazi yangu ilikuwa kukadiria thamani na kutia sahihi.

Nilizigeuza moja moja. Vibandiko vya kiwanda vilikuwa vimekwanguliwa kwa kisu, herufi za vitufe zimefutika kwa kusuguliwa, na ndani maji yalikuwa hayajakauka. Nilimkasirikia, Mungu anisamehe. Ningemwambiaje mtu aliyetoka jasho hivyo kwamba ameziharibu?

"Niwie radhi, mama," nikasema mwishowe. "Wanaothamini vitu hivi huvitaka kama vilivyotumika. Sasa hazifiki hata robo ya thamani niliyotarajia."

Nilidhani atalia.

"Na ambayo haijaoshwa?"

Alinipeleka chumbani kwake. Kando ya kitanda, chini ya leso yake ya kujitanda, ilikuwako kompyuta ya kwanza kabisa ya mumewe. Ilikuwa imegeuka manjano, kibandiko chake kizima, na kwenye vitufe kuna alama nyeusi za vidole vya marehemu. Nilitaka kupiga vigelegele. Hiyo peke yake ilizishinda zile nyingine zote.

"Hii itaokoa duka, mama!"

Aliweka vidole vyake juu ya zile alama, taratibu, kana kwamba kitufe kingeumia.

"Andika hizo zilizooshwa," akasema.

"Lakini mama, duka litafungwa."

"Na lifungwe." Akaifunika tena kwa leso, akazinyoosha pembe zake. "Marehemu mwenyewe nilimwosha kwa mikono yangu, mwanangu. Hii sikuweza."