Jezi Namba Nne Siitoi

Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi, mimi nitakungoja. Wamecheka wengi kabla yako: wenzangu wa kazini, shemeji yangu, hata daktari mmoja alijikaza tu asicheke. Lakini nikimaliza usicheke tena, kwa sababu haya yalinipata mimi mwenyewe, macho yakiwa wazi, na mara zote tatu ilikuwa mchana.

Sisi ni watu wa Uvira, Kongo. Tuliishi kambini Tanzania miaka mingi kabla ya kuletwa Buffalo, Amerika, na jezi tulizipatia huko kambini. Siku moja lilifunguliwa robota la mitumba, ndani mna jezi za timu nzima, za kijani, zimepauka, kifuani zina jina la mji mdogo wa Ufaransa na mgongoni tangazo la duka la mikate. Dieudonné, nahodha wetu, aliyekuwa mwalimu wa Kifaransa, alisema hiyo lazima ni timu ya daraja la chini kabisa, ya watu wanaofanya kazi juma zima na kucheza Jumapili. Tukasema basi, hao ni wenzetu. Tukajiita kwa jina la mji ule. Jina lenyewe sitalitaja. Kule bado kuna watu wanaohusika.

Namba nne alipewa mdogo wangu Amani. Alikuwa beki, miaka kumi na saba, mwembamba, mbishi. Jezi ile hakuivua mpaka mama amvue kwa nguvu aifue. Homa ilimchukua wiki chache kabla ya safari yetu ya Amerika. Tulimzika asubuhi, na mwezi huohuo karatasi za ndege zikatoka. Kaburi tuliliacha. Jezi mama aliikunja, akaitia kwenye mfuko wa karatasi zetu, tukaja nayo.

Buffalo tulikusanyana, tukaunda ekipe, yaani timu yetu, upya. Wengine wa kambi ile walikuwa wamepelekwa Louisville, nao walikuwa na ekipe yao, na kiangazi cha mwaka 2015 wakatualika. Wenzangu walikuwa wamenunua jezi mpya za kijani. Mimi nikavaa ya Amani.

Katikati ya mchezo mpira ukatoka, nikaufuata nyuma ya goli. Hapo amesimama mzungu, umri kama miaka thelathini, koti la mvua, suruali, viatu, vyote vinachuruzika maji. Jua linawaka, nyasi zimekauka hadi zinachoma, lakini chini ya miguu yake ni matope. Nilidhani amejimwagia maji kwa ajili ya joto. Hakunitazama usoni, alitazama kifua changu. Akasema kwa Kifaransa, polepole kama mtu aliyeamshwa usingizini, kwamba jezi hiyo ni yake, anaomba nimrudishie. Nikamjibu tuliinunua. Nikaurusha mpira ndani, nikageuka, hayupo. Uwanja ule hauna mti, hauna ukuta. Niambie wewe, angejificha wapi?

Sikumwambia mtu. Kesho yake, njiani kurudi, tulipumzika Hilliard, pale Columbus, kwa mama mdogo Espérance. Yeye kazi yake ni kutunza wazee, na ameshawafumba macho wengi. Si mtu wa kuogopa ovyo. Aliifua jezi yangu akaianika uani, halafu akarudi ndani amekunja uso.

"Kuko muzungu mumoja huku inje," akaniambia. "Maji inamutoka mwili muzima. Anasema eti uko na nguo yake. Bon, uliiba?"

Nikatoka mbio. Ni yeye. Amesimama kando ya kamba, mkono ameuinua kuelekea jezi, umebaki hewani kana kwamba kitu kinamzuia asiiguse. Akasema ana baridi. Nikainyakua jezi, nikaikumbatia na unyevu wake. Mama mdogo alikuwa mlangoni, alimwona akiondoka. Anasema hakutembea. Alipungua tu, kama barafu kwenye sufuria ya moto, mpaka akaisha.

Sasa nilikuwa na shahidi, na habari ilifika Buffalo kwa simu kabla ya gari letu. Pasta alikuja kuomba nyumbani, akasema jezi ina roho ya mtu, ichomwe. Nusu ya ekipe wakakataa kucheza na mimi. Dieudonné, ambaye namheshimu mpaka leo, alinikalisha chini akanieleza kwa upole kwamba nichague, jezi au ekipe. Nilimtazama mama. Mama hakubishana na pasta. Alingoja watu watoke, akasema, "Ukiichoma, mimi utanionyesha nini cha mutoto wangu?"

Basi. Hapo nikaamua siichomi na siitoi. Nisikilize vizuri. Vita vilichukua nyumba yetu. Kambi ikamchukua Amani. Hata siku yangu ya kuzaliwa ilipotea kwenye fomu, wakaniandikia tarehe moja Januari kama walivyowaandikia wengine wengi. Kila aliyenyoosha mkono kwangu alichukua kitu akaenda zake. Sasa na marehemu wa Ufaransa naye anataka zamu yake? Hapana. Na huyu aje anikute.

Akaja. Ilikuwa Novemba, saa tisa alasiri, theluji ya kwanza imefunika uwanja wetu wa East Side, hapohapo Buffalo. Nilikwenda peke yangu, nimevaa jezi juu ya sweta, nikawa napiga mpira kwenye goli tupu. Siku nane mfululizo nilifanya hivyo baada ya kazi. Siku ya tisa nikamwona kwenye alama ya penalti. Kote ni kweupe, lakini pale aliposimama theluji imeyeyuka, na maji bado yanamchuruzika, hayagandi katika baridi ile ya kuvunja mfupa.

Usidhani sikuogopa. Lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko woga.

"Nina baridi," akasema.

"Hata sisi tuna baridi," nikamjibu. "Hii siitoi."

"Namba nne ni mimi."

"Namba nne ni Amani."

Akauliza Amani ni nani. Nikamweleza yote, nikiwa nimesimama mahali pangu, kwa Kifaransa changu cha shule na kwa Kiswahili pale Kifaransa kilipoisha. Homa, udongo mwekundu wa kaburi, ndege iliyotuchukua kabla msalaba haujakauka rangi. Nikamwambia kama ana uchungu, mimi pia ninao, na wangu haukuja kumsumbua mtu Ufaransa. Alisikiliza mpaka mwisho. Ndipo nikatambua kwamba maji yameacha kumdondoka.

"Alikuwa anacheza vizuri?" akauliza.

"Alikuwa mbishi. Hakuna aliyempita mara mbili."

Akaangalia chini kidogo. Kisha akasema, "Basi cheza nayo. Usiitundike." Akanipa mkono, nami kwa desturi ya kwetu nikaupokea. Ilikuwa kama kuutumbukiza mkono mtoni usiku. Nilipoutoa, mbele yangu palibaki duara la tope jeusi tu.

Dieudonné hakuniamini, akaandika barua kwa ofisi ya mji ule. Miezi ilipita, jibu likaja kutoka kwa bibi mmoja aliyekuwa akiifulia timu. Alisema timu yao haipo tena, iliunganishwa na ya mji jirani. Namba nne wao aliondoka mazoezini jioni ya mafuriko, gari lake likaingia mtoni. Jezi ilibaki kwenye msumari wa chumba cha kuvalia. Bibi aliifua, akairudisha kwenye mfuko wa jezi za timu, na hakuna aliyekubali kuivaa. Mfuko ulipotolewa kwa maskini, hakuuliza unakwenda wapi. Aliomba kujua kama sasa iko na mtu. Tukampelekea picha. Dieudonné mwenyewe ndiye aliyeipiga, na Jumapili iliyofuata alinipanga beki.

Tangu siku ile mkono wangu wa kulia haupati joto. Kazini tunaingia kwa kuweka kidole kwenye mashine. Vidole vya mkono ule mashine haivioni. Si kwamba inavikataa, haivioni kabisa, kama vile hakuna aliyeigusa. Msimamizi alibadilisha mashine mara mbili, mwishowe akanipa kadi. Daktari anasema mishipa. Pasta bado ananiombea, nami naitikia amina, kisha naenda kucheza na jezi yangu.

Kwa hiyo wewe unayenunua mtumba, kabla ya kuvaa jiulize nani aliivua, na kama aliivua mwenyewe. Mwenyewe akikufuata, usikimbie na usichome kitu kwa sababu watu wamekutisha. Simama. Mwambie jina la mtu wako, mweleze mpaka aelewe. Lakini mkono usimpe.