Pengwini na Kifungo cha Juu

Ghala letu la nyama lina vyumba vitatu vya baridi, na cha ndani kabisa ni nyuzi ishirini chini ya sifuri. Hakuna anayeruhusiwa kukaa humo zaidi ya dakika ishirini. Akitoka, kabla hajaongea na mtu, husimama mbele ya meza ya mlangoni, huvua glavu, kisha hufungua na kufunga kifungo cha juu cha koti lake huku karani akitazama saa ya ukutani. Akimaliza ndani ya sekunde kumi na tano, karani huandika "sawa". Akichelewa, huandikiwa sekunde zake na kupelekwa chumba cha moto, kupumzika. Akichelewa mara tatu katika mwezi mmoja, chumba cha ndani anakisahau. Atatafutiwa kazi nyingine. Karani wa mlango ni mimi, mwaka wa kumi na moja sasa.

Mtu ninayetaka kumwandika tulimwita Pengwini. Alikuwa mpangaji wa maboksi, mfupi, wa miaka hamsini na miwili, anayetembea kama sakafu yote imemwagiwa mafuta. Miaka mitatu iliyopita mkewe alifariki. Mwezi uliofuata yeye mwenyewe alilazwa siku kumi na mbili kwa nimonia, na alipotoka koti lake lilimpwaya. Muuguzi alimwambia alale mapema, atembee, ale mboga, apunguze sukari. Yote hayo aliyafuata. Suala la maji baridi aliliongeza mwenyewe.

Alianza na miguu tu, kopo moja. Wiki iliyofuata mikono. Baada ya miezi miwili akawa anajimwagia ndoo nzima, asubuhi, saa kumi na moja na nusu. Nililala kwake siku moja nikamwona. Ndoo ya bluu ilikuwa imekesha nje, ukutani. Aliivuta bafuni, akapumua taratibu kwa pua, akajimwagia huku akihesabu mpaka mia moja na ishirini. Uso wake ulikuwa kama wa mtu anayesubiri kuitwa dirishani benki.

"Unasikiaje?" nilimuuliza alipokuwa anajifuta.

"Zamani nilikuwa nasikia. Sasa sisikii kitu."

"Na ni vizuri hivyo?"

"Ni kimya," alisema, akavaa fulana.

Kwa mwili, ilimfaa, siwezi kukataa. Daftari langu linaonyesha miaka miwili na miezi minne bila siku hata moja ya ugonjwa. Alikuwa anakuja kazini kwa miguu, dakika arobaini, na kupanda ngazi na boksi begani bila kuhema. Vijana wa upakiaji walijaribu kumwiga. Mmoja alifika siku ya tatu akaacha.

"Mimi nimeoa juzi tu," alisema. "Sitaki kuokotwa bafuni nimekauka kama dagaa."

"Pengwini hana damu yule," mwenzake akadakia. "Ukimkata inatoka barafu."

Pengwini alicheka kwa mdomo tu. Kuhusu chumba cha ndani, aliwahi kuniambia neno moja: kule feni zinaunguruma na hakuna anayekuuliza umelalaje. Nyumbani kiti cha mkewe bado kilikuwa mezani. Asingependa kazi nyingine yoyote, na sote tulilijua hilo.

Kosa lilikuwa langu kama lilivyokuwa lake. Sifa zake zilivyokua, niliacha kumtazama. Alikuwa akitoka, nami nimeshaandika "sawa" kabla hajavua glavu. Yeye alipita moja kwa moja akiwa ameweka mikono kwapani. Ilienda hivyo miezi minane.

Siku moja ya Jumanne, saa nne asubuhi, binti yake alikuja mlangoni na mfuko wa plastiki.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Kwema?"

"Kwema. Nimemletea baba glavu za ndani. Nimezikuta kabatini, jozi nane, hata lebo hazijatolewa. Au kazini siku hizi hamzivai?"

Glavu za ndani ni zile nyembamba za sufu. Hutolewa jozi moja kila mwezi, na bila hizo, glavu kubwa peke yake hazizuii baridi.

"Tunazivaa," nilisema.

Akaniwekea mfuko mezani. "Juzi alishika sufuria ya uji kwa mkono mtupu. Mimi ndiye niliyesikia harufu, baba mdogo. Yeye alikuwa bado ameishika."

Alipoondoka, nilisubiri. Pengwini alitoka saa nne na dakika ishirini na mbili, akataka kupita.

"Kifungo," nilisema.

"Leo umeamkia upande gani?"

"Vua glavu, kaka."

Akavua. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vyeupe kama mshumaa, na kiganjani kulikuwa na lengelenge. Alikishika kifungo, kikamponyoka. Akakishika tena. Alikitazama kwa macho, kama mtu anayetafuta kitu cha mwenziwe. Feni ziliunguruma nyuma ya mlango. Kilipoingia tunduni, mshale wa saa ulikuwa umepita sekunde arobaini na moja.

"Nimeuzoesha mwili," alisema. "Glavu zilikuwa zinanirudisha nyuma."

"Ndoo inaisha dakika mbili, unajifuta, damu inarudi. Boksi haliishi."

"Andika sawa, ndugu yangu. Mara hii tu."

Nilimjua tangu ana nywele zote. Nikaandika 41. Aliisoma namba hiyo kutoka upande wake wa meza, ikiwa kichwa chini miguu juu, akaitikia kwa kichwa, akaenda chumba cha moto bila kuambiwa. Alhamisi ilikuwa 38. Ijumaa, ingawa alivaa glavu za ndani na zile kubwa, ilikuwa 52, na msimamizi akamhamishia mapokezi. Hakubisha. Alikunja koti lake vizuri akaniachia mezani.

Mapokezi ni hatua sita kutoka kwangu. Anapima maboksi yanayoingia. Daktari anasema vidole vitatu vya mkono wa kulia vitarudi kuhisi na viwili pengine havitarudi. Maji ya asubuhi anaendelea nayo, dakika moja, halafu anakaa na mikono kwenye beseni la maji ya uvuguvugu mpaka binti yake aseme basi. Bado anatembea, bado analala saa tatu usiku.

Kila wapangaji wanapotoka chumba cha ndani, Pengwini huinua macho kutazama saa ya ukutani pamoja nami. Jana niliandika "sawa" ya kijana mmoja mapema mno.

"Bado hajafunga," alisema Pengwini kutoka kwenye mizani.

Nikafuta.