Mchi na Miguu ya Mwanangu

Mama mkwe aliizima redio kwa mkono wake siku ileile wanaume waliporudi kutoka makaburini. Simu yangu nayo aliichukua, akaifunga kwenye pindo la khanga yake. "Humu hakuna nyimbo tena mpaka utoke eda," aliniambia. Ningebisha nini, mume wangu yuko chini ya udongo na mimi nimevikwa nguo nyeupe, natakiwa nisivuke ua? Lakini mwanangu alikuwa amekaa mkekani anaitolea macho ile redio, na hasira zikanipanda palepale. Mtoto yule alikuwa anatibiwa kwa nyimbo, na mama mkwe alilijua hilo.

Malaria ilimpanda kichwani kabla hajatimiza miaka mitatu. Alipozinduka hatembei, hasemi, hata shingo inalegea. Mama mmoja wa mazoezi ya viungo, hospitalini Korogwe, aliniambia, "Miguu yake haina kasoro, mama. Kichwa ndicho kimesahau namna ya kuiamrisha. Mwimbie, mpigie makofi, mchezeshe. Akishauzoea wimbo atajua pigo linakuja lini, na mguu utajiandaa wenyewe." Nilidhani ananitania. Mtoto hata kusimama hawezi, halafu nimchezeshe ngoma!

Baba yake ndiye aliyeamini. Kila jioni alimsimamisha mtoto juu ya miguu yake yeye baba, akamshika mikono, wakazunguka uwanja wetu pale Hale, anaimba wimbo wa kujitungia wa kushoto na kulia. Sauti ilikuwa mbaya, Mungu anisamehe. Lakini mtoto akaanza kukaza magoti. Baba akilichelewesha pigo kwa makusudi, mtoto anacheka, maana alikuwa analisubiri. Tulikuwa tumefika hapo. Kisha mume wangu akaenda Kabuku kutafuta mbegu za mahindi, lori likamgonga kando ya barabara.

Nyumba ikanyamaza, na mtoto akaanza kurudi nyuma. Miguu ilikakamaa. Nikimsimamisha anakunja magoti, ananing'inia mikononi mwangu. Nikijaribu kuimba hata kwa kunong'ona, mama mkwe anakohoa huko ukumbini. Shemeji yangu, kaka wa marehemu, alikuja kutoka Korogwe mjini akanipa msimamo wa ukoo: "Eda ikiisha utarudi kwenu Sindeni, na huyu utaondoka naye. Mgonjwa hatutamweza." Nikamjibu, "Ahsante, shemeji." Nilishukuru kwa moyo wote. Nilichotaka duniani ni mtoto yule na miguu yake, basi.

Siku moja nilikuwa natwanga makopa ya muhogo nyuma ya jiko. Mtoto nimemkalisha karibu, mgongo kaegemeza ukutani. Mchi ulipotua kinuni, nikaona dole gumba lake linainuka. Nikatwanga tena, polepole. Likainuka tena. Jamani! Nikatazama mlangoni, hakuna mtu. Nani angenikataza kutwanga? Unga ni unga, hata msibani watu wanakula.

Tangu hapo nikawa mtu wa kinu. Nilimsimamisha nyuma yangu, akashika nguo yangu kwa mikono miwili, nikatwanga kwa pigo zito la kwenda sawa. Mwanzoni alikuwa anayumba tu. Baadaye akawa anakanyaga, mguu huu, mguu ule, kila mchi unapotua. Nikaanza kumchezea kama baba yake: napiga mawili ya haraka, la tatu nalichelewesha, naye anabaki mguu mmoja juu, anatetemeka, anasubiri. Ndivyo alivyopata kusimama vizuri. Siku niliyoweka mchi chini kwa kuchoka, nikasikia nyuma yangu, "Tena." Lilikuwa neno lake la kwanza tangu augue. Nililia huku natwanga.

"Hivi wewe, makopa yote haya anakula nani?" mama mkwe aliniuliza.

"Nataka unga uwe laini, mama."

"Laini mpaka uwe vumbi?"

Makopa yalipokwisha nilitwanga pumba. Mtu mzima mwenye akili zangu, natwanga pumba upya! Majirani walisema nimechanganyikiwa kwa kifo cha mume. Niliwaacha waseme.

Eda ikielekea ukingoni, mtoto aliiachia nguo yangu. Niliendelea kutwanga, naye akalipita jiko akaenda hadi miguuni kwa bibi yake aliyekuwa anachambua mboga mlangoni. "Mwe! Mwe! Njooni muone!" Mama mkwe akaita, akapiga vigelegele mpaka watu wakaja. Vigelegele, ndani ya nyumba ya eda. Hakuna aliyemkoholea.

Shemeji alikuja kesho yake na viatu vipya. Akamtembeza mtoto uwanjani, kwenda na kurudi, kama mtu anayekagua mbuzi mnadani. Halafu akaketi. "Huyu ni damu yetu," alisema. "Sisi Wasambaa mtoto ni wa baba yake. Atabaki hapa kwa bibi yake."

Baba yangu alikuja kutoka Sindeni kunitetea, akasema kwetu Wazigua mtoto hufuata mama. Lakini alikuwa peke yake, na wao walijaa mkeka mzima. Mimi nilisema, mdomo wangu huwa haunisikilizi: "Alipokuwa hawezi kusimama, alikuwa wa nani? Si mlinipa nimchukue?" Shemeji aliniambia nipunguze maneno mbele ya wazee. Mama mkwe alikuwa anatazama chini. Wakakubaliana kwamba milango iko wazi, nije kumsalimia nikipenda. Kumsalimia, mwanangu wa kumzaa!

Nilivua nguo nyeupe asubuhi, nikaoga, nikafunga mzigo wangu. Baba alitangulia kwenye pikipiki moja, mimi nikapanda nyingine. Walikuwa wamempeleka mtoto ndani asione. Tulipofika barabarani niligeuka, nikamwona amewaponyoka. Alikuwa anakimbia. Tangu augue sikuwahi kumwona akikimbia. Kila hatua nilimwomba Mungu mtoto aanguke, aanguke mbele ya macho yao, wamwone bado mgonjwa wanirudishie. Hakuanguka.